Kumlisha Mbwa kwa Usalama na Kulinda Afya Yake

Mbwa anayefugwa nyumbani hana uchaguzi mkubwa katika chakula chake. Hula anachowekewa, mara nyingi kupita kiasi anachokihitaji, na hana namna ya kujua kwamba kipande cha chokoleti alichokiokota chini ya meza kinaweza kumletea degedege usiku huohuo. Afya yake imo mikononi mwa anayejaza bakuli, na ndiyo maana mwongozo huu hauanzii kwenye mfuko wa chakula bali kwenye mwili wa mbwa mwenyewe, kwa kuwa hapo ndipo panapojulikana kama analishwa vizuri au vibaya.

Anza kwa kumpapasa

Msimamishe mbwa mahali penye mwanga, kisha upitishe vidole vyako kwenye mbavu zake bila kubonyeza kwa nguvu. Ukunjue mkono wako mmoja na kupapasa mgongo wa kiganja kwa mkono mwingine: mbavu za mbwa mwenye uzito unaofaa huhisika vivyo hivyo, yaani mifupa iko karibu lakini imefunikwa na nyama kidogo. Zikihisika kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa, mbwa amekonda mno. Ikiwa itakulazimu kubonyeza ndipo uzipate, amenenepa. Mtazame pia kutoka juu, ambapo kiuno kinapaswa kuonekana nyuma ya mbavu, na kutoka ubavuni, ambapo tumbo linapaswa kupanda kuelekea miguu ya nyuma badala ya kuning'inia. Madaktari wa mifugo huyaweka haya yote katika kipimo cha alama 1 hadi 9, na alama 4 na 5 ndizo za afya njema. Wenye mbwa wa manyoya mengi wasiridhike na kutazama tu, kwa sababu manyoya huficha wembamba na unene kwa pamoja.

Mpime uzito kila mwezi na uandike. Kama hana mizani yake, jipime wewe ukiwa umembeba, kisha ujipime peke yako na utoe tofauti.

Jambo hili lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuata mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote. Waliwekwa wawiliwawili, mmoja akila chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake. Nusu ya waliolishwa kwa kiasi waliishi zaidi ya miaka 13, ilhali kwa wenzao kiwango hicho kilikuwa miaka 11.2, na waliokula kidogo walichelewa zaidi kupata maradhi ya viungo. Chakula kilikuwa kilekile. Kilichotofautiana ni kiasi. Sijui dawa yoyote ya dukani inayoweza kumwongezea mbwa karibu miaka miwili ya kuishi, lakini chakula pungufu kila siku kinaweza kufanya hivyo.

Kukadiria kiasi

Maelezo yaliyo kwenye mfuko wa chakula ni makadirio ya jumla, na mara nyingi huwa makubwa kwa mbwa wa nyumbani asiyefanya kazi. Kuna hesabu ambayo madaktari huitumia na ambayo mtu yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuifanya. Zidisha uzito wa mbwa kwa kilo mara tatu kwa wenyewe, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha tafuta tena kipeuo cha pili cha jibu hilo, halafu uzidishe kwa 70. Kwa mbwa wa kilo 10, 10 × 10 × 10 ni 1,000. Kipeuo chake ni 31.6, kipeuo cha hicho ni 5.62; na ukizidisha kwa 70 unapata takriban kilokalori 394. Hiyo ndiyo nishati anayoitumia akiwa amepumzika. Mbwa mzima aliyehasiwa huhitaji takriban mara 1.6 ya kiasi hicho, yaani kilokalori 630 kwa siku, na asiyehasiwa mara 1.8, yaani takriban 710.

Angalia jinsi hesabu hiyo inavyokwenda kwa mbwa wa kilo 20: akiwa amehasiwa atahitaji kilokalori 1,060 hivi, si 1,260. Uzito ukiongezeka maradufu, chakula hakiongezeki maradufu, na kosa hilo la kukisia linaweza kuwanenepesha mbwa wakubwa.

Jibu la hesabu ni pa kuanzia tu, kwa kuwa mbwa wawili wenye uzito sawa wanaweza kutofautiana sana katika mahitaji yao. Lisha kiasi hicho kwa wiki mbili hadi nne, mpapase tena, kisha uongeze au upunguze kwa asilimia 10 kulingana na unachokihisi mbavuni. Pima chakula kwa mizani ya jikoni badala ya kikombe, kwa sababu kikombe hujazwa tofauti na kila mtu, hasa kwa mbwa mdogo ambaye kwake gramu chache ni nyingi. Gawanya kiasi cha siku katika milo miwili, na kama hakumaliza baada ya dakika 20, ondoa bakuli.

Vipande anavyopewa wakati wa mafunzo, mabaki na vitu vya kutafuna vyote vihesabiwe, na kwa pamoja visizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa yule mbwa wa kilo 10 hizo ni kilokalori 63 tu, kiasi ambacho vipande vichache vya jibini hukimaliza. Katika nyumba yenye watu kadhaa, ni vyema kuteua mtu mmoja wa kulisha, au kuweka alama mahali panapoonekana kila mlo unapotolewa, maana mbwa aliyekwisha kula atakuja kwa kila mtu akiwa na uso wa njaa.

Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu wana hatari ya peke yao: tumbo kujaa gesi kisha kujisokota. Wagawie chakula katika milo midogo zaidi, wasikimbizwe mara tu baada ya kula, na wale wanaobugia kwa haraka wapewe bakuli lenye vizuizi. Mbwa anayejaribu kutapika bila kutoa kitu, huku tumbo lake likivimba na akihangaika, anahitaji kufikishwa kwa daktari wakati huohuo, kwa sababu anaweza kufa ndani ya saa chache.

Chakula chenyewe

Kwa mfugaji wa kawaida, njia salama na rahisi zaidi ni chakula kilichotengenezwa kiwandani ambacho lebo yake inasema kwamba ni kamili na kinajitosheleza kwa umri wa mbwa wake. Maneno hayo yana maana, kwani nchini Marekani viwango vyake huwekwa na AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia chakula cha wanyama, na barani Ulaya na FEDIAF, shirikisho la watengenezaji wa chakula hicho. Chakula kilichoandikwa kuwa ni cha nyongeza si mlo, hata kama picha yake inavutia. Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, hivyo nyama mbichi yenye maji mengi hutokea mwanzoni ilhali baada ya kukaushwa inabaki kidogo. Kutajwa kwake kwanza si uthibitisho wa ubora.

Wapo wanaoamini kwamba nafaka ni sumu kwa mbwa. Utafiti wa kijenetiki uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa mwitu, wana nakala nyingi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kumeng'enya wanga, ishara kwamba wamezoea kula pamoja na binadamu kwa muda mrefu sana. Na mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuchunguza uwezekano wa uhusiano kati ya maradhi ya misuli ya moyo na vyakula visivyo na nafaka, hasa vyenye kunde na viazi kwa wingi. Uhusiano huo haujathibitishwa kuwa ndio chanzo, lakini sioni sababu ya kumnyima nafaka mbwa ambaye daktari hajamkuta na mzio nayo.

Hifadhi chakula kikavu mahali pakavu na penye ubaridi, ndani ya mfuko wake wa asili uliofungwa vizuri. Nafaka zilizopata unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, ambayo huharibu ini la mbwa na haiondolewi kwa kupika. Chakula chenye harufu ya uvundo au madoa ya ukungu kitupwe chote. Kuchambua sehemu iliyo nzuri hakusaidii.

Wanaopenda kumpikia mbwa wanapaswa kujua ugumu wa kazi hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichunguza mapishi 200 ya chakula cha mbwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wakakuta kwamba asilimia 95 yalipungukiwa na angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Upungufu wa kawaida zaidi kwa anayelisha nyama na wanga pekee ni wa kalsiamu. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, ilhali mbwa anahitaji kalsiamu iwe angalau sawa na fosforasi au izidi kidogo, isifike zaidi ya mara mbili. Mwili hauruhusu kalsiamu ya damu ishuke, kwa hiyo huichota kutoka kwenye mifupa. Na mtoto wa mbwa anayelishwa nyama tupu, ambaye kwa macho anaonekana kushiba na kung'aa, huishia kuwa na miguu iliyopinda au inayovunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti. Ganda la yai lililokaushwa na kusagwa kuwa unga laini hutoa karibu gramu 2 za kalsiamu katika gramu 5 za unga, lakini halitoi zinki, aidini, shaba wala vitamini D na E, ambavyo navyo hupungua mara nyingi. Pishi la kutegemewa kila siku lipangwe na daktari aliyesomea lishe ya wanyama, kisha lifuatwe kama lilivyo, pamoja na virutubisho vya kuongezea alivyoviandika. Kubadilisha kiambato kimoja kwa kingine kinachofanana nacho huvuruga hesabu yote.

Maini ni mazuri kwa kiasi kidogo, ila yakiwa chakula cha kila siku kwa wingi, vitamini A hurundikana mwilini na kuumiza mifupa. Nyama mbichi hubeba vimelea kama Salmonella, ambavyo mbwa anaweza kuvisambaza nyumbani bila yeye mwenyewe kuugua. Matumbo, maini na mapafu mabichi ya mifugo yana hatari kubwa zaidi, maana yanaweza kuwa na vifuko vya tegu aina ya Echinococcus. Tegu hao hukomaa ndani ya utumbo wa mbwa, mayai yao hutoka na kinyesi, na mtu akiyameza hupata uvimbe wa maji katika ini au mapafu unaoweza kuhitaji upasuaji. Pika nyama hadi iive kabisa. Mifupa iliyopikwa isitolewe hata kidogo, kwa sababu hupasuka na kuwa vichane vinavyotoboa utumbo. Maziwa si ya lazima. Mbwa wengi wazima hawawezi kumeng'enya sukari yake, nao huharisha.

Unapobadilisha chakula, fanya hivyo kwa siku 7 hadi 10, ukianza na robo ya chakula kipya, kisha nusu, kisha robo tatu.

Vyakula vya kumwepusha navyo

Chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole sana: nusu ya kiasi alichokula bado imo mwilini baada ya takriban saa 18. Dalili huanza kwenye miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Chokoleti ya maziwa ina takriban miligramu 2 kwa gramu, nyeusi takriban 5, na ile chungu ya kuokea inaweza kufika 15. Kwa hiyo mbwa wa kilo 10 anaweza kuanza kutapika na kuhangaika kwa gramu 100 za chokoleti ya maziwa, gramu 40 za nyeusi, au chini ya gramu 15 za ile ya kuokea. Kahawa na majani ya chai yana kafeini, ambayo hudhuru kwa namna inayofanana.

Zailitoli ni kiongeza utamu kinachotumika katika jojo, peremende zisizo na sukari, dawa za meno na baadhi ya siagi za karanga, na kwenye vifungashio huweza kutambulika kwa namba E967. Kwa mbwa, hufanya kongosho itoe insulini kwa wingi, sukari ya damu ikashuka ndani ya dakika 30 hadi 60, akayumba, akaanguka na kupata degedege. Kiasi kikubwa huua ini. Kabla ya kumpa siagi ya karanga, soma viambato vyote.

Zabibu, mbichi na kavu, zinaweza kusimamisha figo. Ubaya wake ni kwamba kiasi cha hatari hakitabiriki: mbwa mmoja hula kadhaa asidhurike, mwingine akaugua kwa chache. Tangu mwaka 2021 asidi ya tartariki iliyomo ndani yake imeshukiwa kuwa ndiyo sababu. Usikubali hata moja.

Kitunguu maji, kitunguu saumu na jamii yao huharibu chembe nyekundu za damu, na hubaki na sumu yao vikipikwa, vikikaushwa au vikisagwa. Dalili, yaani ufizi kupauka, uchovu na mkojo wa rangi nyekundu au kahawia, hujitokeza baada ya siku kadhaa, wakati mwenye mbwa amekwisha sahau alichompa. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutomlisha mchuzi na mabaki ya sufuria, kwa kuwa ni nadra mchuzi kupikwa bila kitunguu. Mabaki yenye mafuta mengi huongeza hatari nyingine, ile ya kongosho kuvimba ghafla, maradhi yenye maumivu makali ambayo mara nyingi hufuata sikukuu na karamu.

Orodha hiyo iongezwe pombe, unga uliokandwa kwa hamira na bado haujaokwa, karanga za makadamia na kokwa za matunda. Dawa za binadamu zifungiwe. Ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuumiza figo, parasetamoli huharibu ini, na mtu mwenye huruma anayempa mbwa anayechechemea kidonge kimoja anaweza kumdhuru kuliko maumivu yenyewe.

Watoto wa mbwa, majike na wazee

Watoto huanza kuonja chakula laini wakiwa na wiki 3 hadi 4 na huachishwa ziwa kufikia wiki 6 hadi 8. Walishwe mara nne kwa siku hadi miezi 3 au 4, mara tatu hadi miezi 6, kisha mara mbili. Wale wa aina kubwa wapewe chakula cha watoto wa mbwa wakubwa, na wasiongezewe vidonge vya kalsiamu, maana kalsiamu ikizidi huharibu mifupa yao inayokua. Jike mwenye mimba, ambayo huchukua siku 63 hivi, huongezewa chakula katika theluthi ya mwisho, na anaponyonyesha watoto wengi mahitaji yake yanaweza kufika mara mbili hadi nne ya kawaida. Mbwa mzee asipunguziwe protini kwa sababu ya umri pekee. Apunguziwe daktari akiona figo zake zinahitaji hivyo.

Zaidi ya bakuli

Maji safi yawepo wakati wote. Mbwa hunywa takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku, zaidi kukiwa na joto, na pungufu kama chakula chake ni cha majimaji. Akizidi mililita 100 kwa kilo bila sababu ya joto wala mazoezi, apimwe figo na sukari.

Minyoo huwapata watoto wa mbwa hata kabla ya kuzaliwa, kwani mabuu hupita kutoka kwa mama hadi kwao wakiwa bado tumboni mwake, na kisha katika maziwa. Ndiyo maana dawa huanza wakiwa na wiki 2, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi waachishwe ziwa, kisha kila mwezi hadi miezi 6, na kwa mbwa mzima angalau kila miezi 3. Hakikisha dawa inaua tegu pia. Zile zenye prazikwanteli hufanya hivyo, nyingine nyingi haziwafikii.

Chanjo dhidi ya distempa, parvo na homa ya ini huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka wiki ya 16, kwa sababu kinga aliyopewa na mama huweza kuzuia chanjo za mwanzo zisifanye kazi. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki ya 12, na hairuhusu kuahirishwa, kwa kuwa ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, kwa mbwa au kwa mtu, karibu kila mara huishia kifo. Daktari ataeleza kama homa ya mgunda nayo iongezwe.

Mkague kupe kila siku masikioni, kati ya vidole na chini ya mkia. Mng'oe kwa kibano karibu na ngozi, kwa kuvuta taratibu. Meno yapigwe mswaki kwa dawa ya meno ya mbwa, kamwe si ya binadamu.

Anapougua au kula sumu

Mbwa mzima mwenye nguvu anayeharisha kidogo anaweza kupewa maji kwa wingi na milo midogo ya wali laini na kuku asiye na ngozi, kitunguu wala chumvi kwa siku moja au mbili. Kukiwa na damu, kutapika kusikokoma, ufizi uliopauka au unyonge, nenda kwa daktari. Mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha apelekwe siku hiyohiyo, kwa sababu parvo na upungufu wa maji humwondoa haraka.

Ukigundua amekula kitu cha sumu, mpigie daktari mara moja bila kusubiri dalili. Saa moja au mbili za mwanzo ndizo ambazo kumtapisha husaidia zaidi, lakini atapishwe na daktari au kwa maelekezo yake tu, maana sumu nyingine huunguza koo zinaporudi. Usimnyweshe maji ya chumvi, ambayo yameua mbwa kwa kupandisha sodiamu ya damu. Chukua kifungashio cha alichokula, kadiria kiasi kilichopungua, kumbuka saa aliyokila, na uwe na uzito wake wa mwezi huo ulioandikwa. Kwa taarifa hizo nne daktari anaweza kukokotoa kipimo cha sumu na kuamua matibabu mkiwa bado njiani.